Injini Ndogo ya Laban Wasike

Wiki ile ya mashindano ya mwisho wa mwaka, Laban Wasike alifanya kazi huku mlango wa karakana ukiwa wazi kabisa, ili kila apitaye kwenye kichochoro chake pale Manyatta aone anachokifanya. Gokati ilikuwa imelazwa ubavu juu ya meza ya chuma. Ni gari dogo lisilo na bodi wala springi: fremu ya mabomba, tairi nne zisizofika gotini, kiti kimoja, na injini ya pikipiki iliyofungwa kulia kwa dereva. Injini yenyewe ilikuwa ya cc 125. Ilikuwa imebeba abiria wa bodaboda miaka mingi kabla ya pikipiki yake kupondwa na lori. Jumamosi ingeshindana na injini za cc 150, na Laban hakuwa na wasiwasi.

Waliopita walikuwa na wasiwasi kwa niaba yake. Wote walikuwa wamesikia kwamba Obonyo, muuza saruji wa Katito na bingwa wa mwaka uliotangulia, alikuwa amepeleka hoja mbele ya klabu. Alitaka kuanzia mwaka ujao kila gokati iwe na injini ya cc 150, na mambo ya kupimana kilo yaachwe. Kura ingepigwa Jumamosi hiyohiyo baada ya mbio. Ikiwa hoja ingepita, nusu ya madereva wangebaki nje ya kamba wakitazama wenzao, kwa sababu injini za 125 ndizo wanazoweza kuzipata watu wa boda na watu wa samaki. Na jedwali la uzito, kazi ambayo Laban aliipenda kuliko kazi nyingine yoyote aliyowahi kufanya, lingetupwa.

Jedwali lenyewe halikuwa na maajabu. Injini ya 125, pamoja na gokati yake na dereva aliyeketi ndani, isipungue kilo mia na hamsini na tano. Ile ya 150 isipungue mia na themanini. Mwenye nguvu zaidi abebe zaidi, basi. Ni jambo ambalo hata mtoto hulikubali anapogawiwa mzigo na kaka yake, lakini watu wazima wakishazoea kushinda huliona kuwa ni uonevu.

Obonyo alisema hadharani kwamba Laban alizitoa zile kilo hewani. Haikuwa kweli. Misimu miwili mizima Laban aliwaita madereva Jumapili baada ya ibada, akawazungusha kwenye uwanja wa Otonglo kwa injini kubwa na ndogo, akiongeza chuma huku na kupunguza kule, mpaka injini zote mbili zilipoanza kurudi kwa muda mmoja. Uwanja ule ni machimbo ya zamani ya murram, ule udongo mwekundu wa kokoto, kando ya barabara ya Busia. Njia yake ina umbo la yai, na watu huizunguka wakikata kona kushoto tu, kushoto tena, mpaka bendera. Hakuna mahali pa kunyoosha mguu. Dereva anafungulia mafuta, na kabla injini haijamaliza kupaza sauti, kona imefika. Kwenye kona, nguvu ya injini haina kazi. Kazi iko kwenye tairi, na tairi hushika kulingana na mzigo iliobebeshwa. Gokati nzito hutaka kwenda nje ukutani, na dereva wake hulazimika kuachia mafuta. Iliyo nyepesi huinama ndani na kutoka na mwendo wake mzima. Kwa hiyo kubwa hula kwenye mnyoosho, kile kipande kifupi cha njia kilichonyooka, ndogo hula kwenye kona, na kazi ya fundi mwenye haki ni kutafuta kilo ambazo zitawafanya washibe sawa. Laban aliamini amezipata, na aliamini hivyo kwa sababu alikuwa amezitafuta.

Ndivyo alivyokuwa tangu zamani. Alitoka Kimilili akiwa kijana, mwana wa katekista, akajifunza kuchomelea mageti na fremu za madirisha kwa mtu mkali aliyempiga makofi kila alipoacha tundu kwenye uungio. Alipofungua karakana yake mwenyewe alikataa kazi ambayo wengi wangeikimbilia: kutengeneza geti la mabomba membamba na kulipaka rangi nzito ili lionekane la mabomba manene. Mwenye geti alikuwa mtu wa kanisa lake. Laban alimwambia kwamba mwizi hatasukuma rangi, atasukuma bomba. Mkewe, Nakhumicha, alinung'unika siku mbili tatu, kisha akaanza kuwasimulia majirani kisa hicho kwa majivuno. Miaka mingi baadaye, klabu ya gokati ilipotafuta mtu wa kushika mizani, hakuna aliyependekeza jina lingine.

Ingawa hivyo, mtu anayejenga gokati na pia kushika mizani huwapa watu sababu ya kusema. Laban alilijua hilo, akaweka utaratibu wake. Mizani ikae katikati ya uwanja. Gokati yake ipimwe ya kwanza, na namba isisomwe na yeye. Namba ilisomwa kwa sauti na Mama Agneta, mwenyekiti wa klabu na mwenye uwanja, mjane aliyekuwa amefundisha shule ya msingi na ambaye sauti yake bado ilifika barabarani. Kuhusu mzigo wa kujazia uzito, kila dereva mwepesi alijaza gunia lake asubuhi ya mbio kutoka kwenye rundo moja la mchanga wa ziwani, mbele ya wote, kisha mdomo wa gunia ukafungwa kwa waya mwekundu. Waya ukiwa mzima, hakuna aliyetoa hata punje. Baada ya mbio walitazama waya tu. Utaratibu huo ulikuwa wa Laban mwenyewe, na kila mtu aliusifu.

Dereva wake alikuwa Debra Ajwang, mwendesha boda wa steji ya Otonglo, mwanamke mdogo wa umbo ambaye hata akivaa buti na helmeti hakufika kilo hamsini. Wepesi huo ulikuwa neema na adha. Gokati yake ilihitaji mchanga mwingi kuliko nyingine zote ili ifike kwenye uzito wa sheria, lakini kwa kuwa mchanga hauna pa lazima pa kukaa, Laban aliweza kuuweka anapotaka. Aliuweka chini kabisa, kushoto, karibu na ubavu wa kiti, upande ambao kona hulalia. Uzito ulio chini na kushoto huzibana tairi za ndani zisinyanyuke. Ukizidi huko, gokati huvuta kushoto hata kwenye mnyoosho na kupoteza mwendo. Kwa hiyo alimkalisha Debra ndani, akakitelezesha kiti upana wa kidole, akapima kila tairi peke yake, akakitelezesha tena.

“Fundi, hii ni gari ama ni kabati?” Debra alimuuliza. “Goti langu nikaliweke kwa jirani?”

“Goti lako halipo kwenye jedwali. Tulia.”

“Na Obonyo akinipita?”

“Atakupita kwenye mnyoosho. Mwache apite. Utampata kwenye kona akiwa anahangaika na saruji yake.”

Debra alicheka, akatulia.

Usiku wa kuamkia Jumamosi mvua ilinyesha kutoka ziwani, ikapiga mabati ya Manyatta mpaka alfajiri. Asubuhi jua lilitoka kali kana kwamba halikuhusika. Njia ya Otonglo ilikuwa ya murram iliyoshindiliwa, ikakauka mapema. Rundo la mchanga lilikuwa limelowa, lakini hilo halikumsumbua mtu. Mchanga ni mchanga. Debra alijaza gunia lake, Mama Agneta akalifunga kwa waya, gokati ikapandishwa kwenye mizani Debra akiwa ndani.

“Mia na hamsini na tano na nusu,” Mama Agneta alitangaza.

Obonyo alipimwa akaonekana amezidi kwa kilo nne bila gunia lolote, maana alikuwa pande la mtu. Alishuka kwenye mizani akiwaambia watu kwamba yeye haogopi namba, anachokichukia ni kuadhibiwa kwa kuwa na injini nzuri.

Mbio zilikuwa mbili, na ubingwa ungekwenda kwa aliyekusanya pointi nyingi zaidi. Za kwanza zilikwenda kama Laban alivyosema, tena vizuri kupita alivyosema. Obonyo aliongoza mwanzo, injini yake ikinguruma kwa sauti nene. Debra alimkaa mgongoni. Kila mnyoosho alibaki nyuma kidogo, kila kona akarudi. Kisha, mbio zilipofika katikati, akaanza kurudi kwa zaidi ya alichopoteza. Alimpita Obonyo kwa ndani kwenye kona ya upande wa barabara na hakutazama nyuma. Alipokatiza bendera, nafasi kati yao ilikuwa ya kutosha kuegesha lori. Watu wa boda walipiga honi zote walizokuwa nazo.

Laban alifurahi mpaka Debra alipozunguka na kuingia uani. Hapo aliiona gokati ikisimama, na chini yake, upande wa kushoto, murram kavu ikaanza kuwa nyeusi. Tone moja, jingine, kisha mchirizi mwembamba. Alichuchumaa akashika gunia. Waya mwekundu ulikuwa mzima. Lakini gunia lililokuwa limejaa na kukaza asubuhi sasa lilikuwa limelegea, na nyuzi zake zilikuwa na joto la bomba la moshi lililopita nyuma ya kiti hadi kushoto.

Mara moja akaelewa. Asubuhi walikuwa wamepima mchanga na maji. Maji yalikuwa yamemwagika njiani, mzunguko baada ya mzunguko, kwa mtikisiko na kwa joto. Waya ulizuia mikono ya watu. Maji haukuyazuia.

Hakuna mwingine aliyeona. Watu walikuwa wakimbeba Debra begani. Obonyo mwenyewe alikuwa anakuja kutoa mkono, uso umemshuka, na hoja yake ilikuwa imekufa mbele ya macho ya kila mpiga kura. Kunyamaza kungetosha. Hakukuwa na uongo wa kutamka. Sheria ilisema waya utazamwe, na waya ulikuwa mzima. Hata mwanasheria asingepata pa kushika. Wengi wetu tungekaa hapo, kwenye kivuli cha sheria, na tungejiita waadilifu.

Laban aliinuka. “Mama Agneta, leteni mizani hapa. Debra, rudi ndani ya gokati, na helmeti yako.”

“Kwani kuna nini?” Mama Agneta aliuliza. “Waya uko sawa, nimeuona.”

“Waya uko sawa. Uzito sijui.”

Walisukuma gokati mpaka kwenye mizani. Debra aliketi. Mama Agneta alisoma namba kimyakimya kwanza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kisha akaitamka: mia na hamsini na tatu, kasoro kidogo. Zaidi ya kilo mbili zilikuwa zimebaki kwenye vumbi la Otonglo. Wakapima na wengine waliobeba mchanga. Wote walikuwa wamepungua, ila magunia yao yalikuwa madogo na hakuna aliyeshuka chini ya mpaka. Aliyeshuka alikuwa wa Laban peke yake.

Alisema gokati yake iondolewe kwenye matokeo. Hakulisema kwa unyonge. Alieleza mbele ya wote jinsi maji yalivyotoka, akasema kosa ni la utaratibu na utaratibu ni wake, kwa hiyo Debra asilaumiwe na mtu.

Debra hakutaka kutetewa. Alivua helmeti akaitupa ndani ya kiti. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyepigwa na mawe ya tairi za Obonyo, yeye ndiye mwenye malengelenge mikononi, na kwamba kilo mbili za maji haziwezi kumnyang'anya jasho lake. “Ungenyamaza,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Nani aliuliza, Fundi? Niambie jina lake.”

“Mimi niliuliza.”

“Basi ungejijibu pole pole.”

Obonyo alikuwa amepata sauti yake tena. Aliwageukia waliosimama karibu, mikono ameipanua. “Sasa mmeona, jothurwa, watu wa kwetu? Hii ndiyo haki ya kilo. Bila kupunguza, injini ndogo haishindi. Jedwali la fundi limevuja, lote.”

Watu wengine waligeuza nyuso. Ilikuwa hoja nzuri kuliko ile aliyokuja nayo asubuhi. Laban aliitazama kama anavyotazama uungio wa bomba, akitafuta tundu, na akakubali moyoni kwamba tundu lipo. Ushindi wa mbio za kwanza haukuthibitisha kitu. Gokati nyepesi kupita sheria ilikuwa imeshinda, na hilo lilitarajiwa. Kama angenyamaza, klabu ingepiga kura kulilinda jedwali kwa sababu ya uongo, na yeye, mwenye jedwali, asingejua maisha yake yote kama lilikuwa la kweli.

“Unaweza kuwa umesema kweli, Bwana Obonyo,” alijibu. “Ndiyo maana kuna mbio za pili.”

Muda uliokuwapo kabla ya mbio za pili aliutumia vizuri. Alitoa gunia, akatafuta kwenye gari lake vipande vya bamba la chuma alivyokuwa amebakiza kwenye kazi ya geti, akavitoboa na kuvifunga kwa bolti chini ya kiti, kushoto, palepale mchanga ulipokuwa. Chuma hakidondoki maji. Wenzake wenye magunia walikuja kuomba vipande, akawagawia mpaka vikaisha. Debra alisimama pembeni akiwa amekunja mikono. Lakini alipoona bolti ya mwisho inasumbua, alishika spana upande wa pili, wakaikaza pamoja. Mizani ikasoma mia na hamsini na tano na robo. Laban aliomba kwamba safari hii kila mtu apimwe tena baada ya bendera, na Mama Agneta akakubali kabla hajamaliza kusema.

Debra, kwa kuondolewa, alilazimika kuanza mkiani. Kabla hajashusha kioo cha helmeti Laban aliinama.

“Usimkimbilie. Kula mmoja mmoja kwenye kona.”

“Wewe nenda ukae na mizani yako,” alisema Debra, akaondoka.

Aliwala mmoja mmoja. Alipomfikia Obonyo, mizunguko ilikuwa bado mingi, na hapo ndipo watu wa Otonglo walipoona kitu ambacho hawakuwa wamekiona asubuhi. Hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake. Kwenye mnyoosho Obonyo alijitoa mbele kwa urefu wa gokati. Kona ilipoisha, Debra alikuwa ubavuni. Mnyoosho, kona. Mnyoosho, kona. Debra alijaribu ndani, akafungiwa. Alijaribu nje, akateleza, akapoteza nafasi, akairudisha mzunguko huohuo. Obonyo alikuwa ameinama juu ya usukani kana kwamba kifua chake kingeisukuma gokati. Watu wa boda waliacha kupiga honi. Walikuwa wanahesabu kwa midomo.

Kwenye kona ya mwisho Debra alitoka na mwendo mzima, na kama mnyoosho ungekuwa mfupi kwa hatua mbili, mbio hizo zingekuwa zake. Hazikuwa. Obonyo alivuka mbele kwa nusu ya tairi.

Gokati zote zikapimwa, za moto vilevile, vumbi likiwa bado hewani. Hakuna iliyoshuka chini ya mpaka. Mama Agneta alisoma kila namba kwa sauti ya darasani, na alipomaliza akamgeukia Obonyo, bingwa wa mwaka wa pili mfululizo, akamwambia kwamba sasa ni wakati wa hoja yake, na kwamba kwa utaratibu wa klabu mwenye hoja huanza kusema.

Obonyo alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, shati limemgandia mgongoni, akinywa maji. Mtu mwenye kiburi akiwa ameshinda huwa na nafasi ya kuwa mkweli ambayo aliyeshindwa hana. Wengi huiacha ipite.

“Mimi nilifungulia mafuta mpaka mwisho,” alisema hatimaye. “Kila mzunguko. Na huyu msichana nilimsikia hapa sikioni tangu aliponifikia mpaka bendera. Injini yangu ni kubwa, na sikumwacha.” Akafuta mdomo. “Asubuhi alinishinda na kilo hazikutosha. Sasa zimetosha, nimemshinda kwa ukucha. Mimi naelewa mizani, nauza saruji. Ikisimama katikati hivyo, imesimama. Naondoa hoja.”

Mama Agneta alimwomba arudie, kwa ajili ya walio nyuma. Alirudia, kwa sauti ya kununa. Hakukuwa na kura ya kupigwa. Kilichopitishwa jioni ile, kwa mikono yote, kilikuwa pendekezo la Laban kwamba mchanga upigwe marufuku, uzito wa kujazia uwe chuma cha kufungwa kwa bolti, na mizani iwe baada ya mbio, kwa kila mtu, kuanzia gokati ya mwenye mizani.

Debra alikuja kumsaidia kupakia. Alikuwa bado na hasira kidogo, na Laban hakumwomba aiache. Ilikuwa haki yake. Walinyanyua gokati pamoja, wakaifunga kamba.

“Nilitaka kushinda, Fundi,” Debra alisema.

“Najua. Mimi pia nilitaka ushinde.”

“Lakini hukutaka vya kutosha.”

Laban alifikiri juu ya hilo akikaza fundo. “Leo asubuhi ulipewa ushindi na maji,” alisema. “Jioni hii mtu mzima amesimama mbele ya watu akakiri kwamba hakuweza kukuacha. Wewe ungechagua kipi?”

“Vyote viwili,” Debra akajibu papo hapo, na Laban akacheka, kicheko kikubwa ambacho Nakhumicha pekee ndiye aliyekuwa amekizoea.

Jumatatu alifungua karakana kama kawaida. Kabla ya chai walikuwa wamekuja vijana wawili wa steji wakibeba injini ya 125 iliyoungua pistoni, wakiuliza kama inaweza kufufuliwa kabla ya msimu mpya kuanza Machi. Alikuwa ameipasua mezani gari lilipoegeshwa kwenye kichochoro, nyuma likiwa limebeba gokati yenye injini ya cc 150. Obonyo alishuka, akawasalimia wote, akazungukazunguka kwanza akitazama mabamba.

“Fundi,” alisema, “mimi nimezidi kilo nne. Nataka unipunguzie.”

“Zako ama za gokati?”

Vijana waliinamisha vichwa wasionekane wanacheka. Obonyo naye alijaribu kununa, ikamshinda. Alisema za gokati, kwa kuwa zake zina mwenyewe nyumbani Katito anayezipika.

Laban alifuta mikono, akapiga magoti kando ya fremu ya mpinzani wake, akaanza kugonga mabomba kwa kidole, moja baada ya jingine, akisikiliza. Alimwonyesha mahali pawili ambapo chuma kilikuwa kinene bila sababu, na mahali pamoja ambapo kilikuwa chembamba mno na kingeweza kukatika kwenye kona. Akamwambia kwamba atatoa pale pawili na kuongeza pale pamoja, na kwamba mwishoni atakuwa amepunguza kilo tatu, si nne, kwa sababu shingo yake ni muhimu kuliko kilo moja.

“Na Debra?” Obonyo aliuliza. “Ukinipunguzia, si nitamwacha?”

“Utakuwa ndani ya sheria kama yeye,” alisema Laban, akiwasha mashine ya kuchomelea. “Kisha ni juu yenu.”